Jumapili Zetu za Kupanda Manga

Jumapili, 2 Machi

Leo tumepanda mlima wa Manga, mimi na Geoffrey, na wote wawili tumerudi kwa miguu yetu. Asubuhi sikuwa na hakika na hilo.

Wiki mbili zilizopita mume wangu alianguka kiwandani, katikati ya mashine za kukausha majani chai ambazo yeye ndiye fundi wake. Presha ilikuwa imepanda kiasi kwamba daktari alimkataza hata kuinuka kitandani. Alipotoka hospitali tulipitia mjini Kisii kwa Jayshree mwenye duka la dawa, ambaye ametuuzia dawa tangu binti yetu Kerubo akiwa mchanga. Jayshree alimpa vidonge, kisha akamtazama juu ya miwani.

"Hii dawa ni nusu tu," alisema. "Nusu ingine ni miguu yako. Mwalimu, wewe peleka mzee mlimani kila wiki. Usimwonee huruma."

Mwalimu ni mimi. Nafundisha Kiswahili, na ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule iliyo hapa chini ya mlima. Nimewaagiza wanafunzi wangu wa Gredi ya Nane waandike shajara msimu huu wote wa mvua, na ni aibu kumwagiza mtoto kazi ambayo mimi mwenyewe naikwepa. Basi ndiyo hii.

Ukiiangalia Manga kutoka uani kwetu ni ukuta mtupu. Mimi nilizaliwa ng'ambo yake, na vijia vyake nilivijua nikiwa msichana, nikiteremka na kuni kichwani nyuma ya mama yangu, Mungu amrehemu. Geoffrey ni mtu wa Itumbe. Amelala chini ya ukuta huu tangu tununue kiwanja hiki na hakuwahi kuupanda. Leo alisimama kwenye kila mkaratusi.

"Esnah, mama yako alikuwa anatafuta nini huku juu?"

"Kuni."

"Huko chini zilikuwa zimeisha?"

Tulicheka mpaka ikabidi tuketi. Nyumbani huniita Mama Kerubo kama watu wote. Sikumbuki mara ya mwisho aliponiita jina langu.

Tulifika juu kabisa. Mji wa Kisii ulikuwa chini yetu, mabati yakimetameta, na mbali upande wa magharibi ziwa lilionekana kama uzi mweupe. Alinishika mkono. Hakuuachia mpaka tukafika chini.

Jumanne, 4 Machi

Magoti yananiuma. Nimefundisha nikiwa nimeketi. Nimefurahi siku nzima.

Jumapili, 9 Machi

Mvua imeanza rasmi, lakini bado inaanguka alasiri tu, kwa hiyo tuliondoka mapema. Geoffrey alisimama mara chache kuliko wiki iliyopita. Mbegu za kishona nguo zilijaa kwenye suruali yake hadi magotini, na tulipofika juu niliketi nikazitoa moja moja huku yeye akinisimulia habari za baba yake, jinsi alivyokuwa akiongea na ng'ombe wake kuliko alivyoongea na watoto. Tumeoana zaidi ya miaka ishirini na hadithi hiyo sikuwahi kuisikia.

Nimekuwa nikifikiria kwa nini. Nyumbani tunakaa tukitazamana, na yale tunayoyasema ni ya nyumba: gesi imeisha, Kerubo amepiga simu kutoka Eldoret, mbuzi wa jirani ameingia tena kwenye sukuma. Njiani hatutazamani. Mmoja yuko mbele, mwingine nyuma, na maneno yanatoka yenyewe kwa sababu hakuna uso wa kuyapokea.

Alhamisi, 13 Machi

Amekataa chumvi kwenye mboga. Geoffrey! Nimeonja mwenyewe nikashindwa kumaliza.

Jumapili, 16 Machi

Jana jioni mvua ya mawe ilipiga majani chai yote ya mteremko huu. Leo tulipanda katikati ya harufu ya majani yaliyochanika, kali na tamu, na watu wamesimama kwenye mashamba yao mikono kiunoni. Tuliwapa pole kila mmoja. Geoffrey amenunua viatu vya mlimani, vya kahawia, vya kufunga hadi juu ya kifundo. Nilimwambia anajifanya mtalii. Alisema mwaka huu anataka miguu yake imfikishe mbali.

Magoti yangu hayaumi tena. Nimelala usingizi wa mtoto.

Jumatano, 19 Machi

Nimepigiwa simu na mwenyekiti wa bodi ya shule moja ya wasichana ya kanisa, kule upande wa Kenyenya. Wananitaka niwe mwalimu mkuu kuanzia muhula wa pili. Nyumba iko ndani ya shule. Nitakaa huko siku za kazi, Ijumaa nirudi nyumbani kabla Sabato yetu ya Jumamosi haijaingia. Nilimwomba aniambie tena, polepole.

Nimekuwa naibu chini ya wakuu wanne. Wawili kati yao niliwafundisha kazi mimi.

Nilimwambia Sheila Bonareri kwanza, kwa sababu alikuwa karibu. Sheila ni jirani yangu, tunafundisha pamoja, na mumewe Andrew anafanya kazi na Geoffrey kiwandani. Alinirukia akanikumbatia mbele ya darasa zima. Kisha akaniachilia.

"Umemwambia Baba Kerubo?"

"Bado."

"Mwambie leo. Usingoje."

Sijamwambia. Nataka nimwambie mlimani, mahali tunapozungumza vizuri.

Jumapili, 23 Machi

Tulikuwa tumeshaanza kuteremka wingu lilipotufikia. Kwetu hapa radi si jambo la kuchezea. Kila masika inaua mtu. Tulikimbia kwenye utelezi, mimi nimeshika koti lake kwa nyuma, tukajitupa ndani ya kibanda cha kununulia majani chai, kile kilicho kwenye kona ya njia ya gari. Hakikuwa na mtu. Mizani ilikuwa inaning'inia, na mvua ilipiga bati kwa kishindo hata tukawa tunasemezana sikioni.

Hapo ndipo nilipomwambia habari za Kenyenya. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa wiki nzima. Nilimwambia kuhusu nyumba ya shule, kuhusu Ijumaa, kuhusu wakuu wanne. Nilimwambia nimetaka kitu hiki tangu nikiwa msichana.

Radi ilipiga upande wa bonde na kibanda kikatikisika, naye akanivuta karibu. Nilihisi mwili wake unatetemeka, nikadhani ni baridi. Nilipomtazama nikaona analia.

"Esnah, ukienda nitapanda na nani?"

"Jumapili nitakuwa hapa."

"Jumapili utakuwa umechoka. Utaleta vitabu vya kusahihisha. Najua kazi ya mwalimu mkuu. Siku ile pale kiwandani, nilipoanguka, niliona giza. Unajua kilichonitoa kwenye lile giza? Ni hizi njia. Ni wewe kutembea mbele yangu. Ukiniacha sasa nitarudi kulekule."

Tulikaa pale mpaka mvua ikapungua. Wakati tunateremka alinipa koti lake.

Jumatatu, 24 Machi

Nimempigia mwenyekiti. Nimemwambia mume wangu ni mgonjwa, siwezi kumwacha. Alisema atanishikia nafasi hadi Ijumaa endapo nitabadilisha mawazo. Nilimwambia asiishike.

Nilikwenda chooni shuleni nikanawa uso.

Ijumaa, 28 Machi

Sikubadilisha mawazo.

Jumapili, 30 Machi

Tumepanda. Ukungu ulikuwa mzito, hatukuona hata mji. Geoffrey alinitangulia njia nzima.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule zimefungwa. Sasa tunaweza kutembea asubuhi hata katikati ya wiki, akiwa zamu ya mchana.

Jumapili, 6 Aprili

Leo nimempa zawadi. Tulivuka Manga yote na kuteremkia upande wa pili, hadi kwetu nilikozaliwa. Nilimwonyesha chemchemi niliyokuwa nikichota maji, na jiwe tulilokuwa tukitelezea kwa magome ya migomba ya watu hadi nguo zinaisha makalioni. Maji ya chemchemi bado yanatoka kwenye ufa uleule, baridi ya kuumiza meno. Aliweka kichwa chini ya maji akapiga kelele kama kijana.

Kwa kaka yangu tulipikiwa matoke na maziwa mala. Wifi yangu alimshangaa. "Shemeji umekuwa mwembamba. Umerudi ukapera?" Geoffrey akajipiga kifua.

Tulirudi jua likiwa linazama, miguu mizito, tukinuka jasho na matope. Nilifikiria Kenyenya na haikuniuma sana. Nilijiambia kwamba wako wanawake wenye vyeo ambao waume zao hawajui walikozaliwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Mvua. Nimefua nguo, zimekataa kukauka.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilikwenda mjini kumchukulia dawa. Jayshree alifurahi kuniona.

"Mwalimu, umefanya kazi! Mzee alikuja juzi, nikapima. Presha ya kijana. Nimemwambia apunguze kidonge kiwe nusu."

Sikujua kwamba alikuja juzi.

"Na wamempa tarehe?" aliuliza.

"Tarehe ya nini?"

Jayshree akaanza kupanga chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Ya kliniki. Ya kurudi kliniki."

Nilipomuuliza Geoffrey jioni, alisema kliniki ni mwezi ujao, na kwamba Jayshree anazeeka, anachanganya wagonjwa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Watu wote walikuwa makanisani au kwenye sherehe, mlima ukawa wetu peke yetu. Alipanda bila kusimama. Nilimwita anisubiri na hakunisikia, labda kwa sababu ya upepo. Nilipofika juu nilimkuta anaongea kwa simu, akakata.

"Nani?"

"Anyona." Anyona ni mdogo wake, anayeishi Itumbe kwenye boma la wazazi na mama yao. "Anasema Mama anataka tuende kula kwao Sabato ijayo."

Nilifurahi. Mama mkwe wangu, Nyakerario, ananipenda, nami nampenda.

Sabato, 26 Aprili

Naandika uani, kwa sababu ndani siwezi kukaa.

Baada ya ibada tulikula kwa Anyona. Mke wake alikuwa ametayarisha ugali wa wimbi, kuku na mboga ya chinsaga. Wazee wawili wa kanisa walikuwepo, na shangazi yao akina Geoffrey, na niliona kwamba ni watu wengi kwa chakula cha kawaida, lakini nilidhani ni kwa sababu Geoffrey amepona. Mama Nyakerario aliomba aombee chakula mwenyewe. Alisimama akiegemea meza. Aliomba kwa Ekegusii, lugha yetu, na mimi nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia:

"Mungu wetu, tunakushukuru. Ulimwangusha mwanangu Geoffrey ukamwinua, na madaktari wa wale watu wamempima wakamkubali. Umtangulie huko Doha anakokwenda. Umlinde na mashine za watu, miaka hiyo miwili, umrudishe nikiwa hai. Na umbariki mke wake Esnah, aliyekubali kunichukua kwake mpaka mwanangu arudi. Si kila mke angekubali. Amina."

"Amina," walisema wote.

Nilikuwa nimefumbua macho kabla hawajafika hapo. Wote walikuwa wamefumba isipokuwa Geoffrey. Yeye alikuwa anatazama sahani yake.

Wakaanza kupakua. Shangazi akanipigapiga begani, akaniambia nina moyo mkubwa. Mke wa Anyona hakunitazama. Nilikula. Sijui nilikula nini, lakini nilikula, kwa sababu mama yule mzee alikuwa akinitazama kwa furaha na sikutaka kumwaibisha mbele ya wageni.

Walipoanza kunywa chai nilimwambia Geoffrey anionyeshe majani chai ya Anyona. Tulikwenda hadi katikati ya shamba, chai ikiwa kiunoni, mahali ambapo hakuna mtu angetusikia.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Mama Kerubo, nilikuwa nataka kukuambia leo, kabla ya chakula, lakini—"

"Tangu lini?"

"Januari."

Januari alikuwa bado hajaanguka. Niliisema ile hesabu kwa sauti. Januari aliomba kazi katika kiwanda cha maji cha huko Doha. Februari akaanguka. Wale watu hawachukui mtu mwenye presha.

"Kwa hiyo mlima," nilisema, "ulikuwa wa kupita vipimo."

"Ulikuwa wa kupona pia. Si nimepona?"

"Siku ile ya radi. Tukiwa kwenye kibanda. Ulikuwa unajua utaenda?"

Alikuwa anachuma majani huku nasema, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kisha anayaangusha chini.

"Nilikuwa nimeshahojiwa," alisema. "Ilikuwa imebaki vipimo tu."

"Na ukaniacha nikatae Kenyenya."

"Mama angebaki na nani? Mke wa Anyona amechoka, ametuambia wazi. Ukiwa Kenyenya, nyumba ile itakuwa imefungwa wiki nzima. Nani angemkaribisha Mama kwenye nyumba iliyofungwa?"

"Ulilia, Geoffrey."

"Nililia kweli."

"Ulisema nikienda utapanda na nani."

Mbali kule barazani walikuwa wanacheka.

"Ilibidi niseme kitu," alisema.

Nilimuuliza kwa nini hakuniuliza tu. Alisema ningekataa. Alisema ana miaka arobaini na minane na hajawahi kuona bahari, kwamba kiwandani wanawapunguza watu, kwamba ile nafasi ya Mombasa zamani nilimwambia asiende na hakwenda. Huenda yote ni kweli. Lakini nilikuwa na haki ya kuulizwa nikakataa, na yeye awe na haki ya kwenda hata hivyo, akiwa amenitazama usoni. Hayo niliyasema. Alisema, "Sasa umeambiwa." Kama kwamba yeye ndiye aliyeniambia.

Jumapili, 27 Aprili

Hatukupanda.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Wakati wa chai nilimwita Sheila nje, nyuma ya maktaba.

"Ulijua?"

Hakujifanya hajui ninachouliza. "Andrew aliniambia mwezi wa pili. Mwanzoni nilidhani unajua. Uliponiambia kuhusu Kenyenya ndipo nilipojua kwamba hujui."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuambia umwambie siku ileile. Nilifikiri ukimwambia atakuambia na yeye."

"Sheila, mimi ningekuambia."

"Najua," alisema, akaanza kulia. Sikumbembeleza. Nimekuwa nikiwabembeleza watu wanaolia karibu nami mwaka huu, nikachoka.

Jumatano, 30 Aprili

Nimempigia mwenyekiti wa kule Kenyenya. Alifurahi kunisikia, jambo ambalo lilinifanya nishindwe kuanza. Mwalimu mkuu mpya ameripoti Jumatatu, mwanamke wa kutoka Nyamira, mchapakazi.

"Na Mzee anaendeleaje?" aliniuliza. "Tulimweka kwenye maombi hapa shuleni. Wasichana wote walimwombea."

Nilimwambia amepona kabisa.

Jumapili, 4 Mei

Hatukupanda. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, kwa hiyo hatukulazimika kusema ni kwa nini.

Alhamisi, 8 Mei

Miguu inaniwasha. Usiku magoti yanataka kwenda mahali. Nakasirika nayo.

Jumapili, 11 Mei

Hatukupanda. Alivaa viatu vyake, akasimama mlangoni kidogo, akavivua.

Jumatano, 14 Mei

Anyona amemleta Mama, na begi lake, na godoro lake, na kuku wake wawili. Hakukaa hata kunywa chai. Nilitandika kitanda katika chumba cha Kerubo. Sikutaka kumfanyia mama yule ubaya, kwa sababu hakunikosea.

Alhamisi, 15 Mei

Geoffrey akiwa kazini, nilikaa na Mama jikoni tukichambua chinsaga. Alikuwa ameketi amegeukia mlango, akitazama nje kwa namna ya mtu anayengoja.

"Mokamwana wangu," aliniambia, ndivyo mama mkwe anavyomwita mke wa mwanawe kwa lugha yetu, "nakushukuru kwamba uliniomba nije. Geoffrey alisema uliililia sana hii habari."

Niliweka mboga chini.

"Alisema hivyo?"

"Alisema ukiwa peke yako utakufa kwa upweke. Mimi sikutaka kuhama. Nina kitanda changu kule. Nina kanisa ninaloweza kufika kwa miguu yangu, na Bosibori wa jirani anakuja kila jioni tunaongea. Lakini nilisema, kama mtoto wa watu anaumia, nitakwenda."

Nilifikiria kunyamaza. Ni mzee, na mwanawe anasafiri. Kisha nikafikiria jinsi nilivyokaa kwenye meza ile wakati kila mtu anajua isipokuwa mimi, nikaona siwezi kumweka mtu mwingine kwenye kiti hicho. Nikamweleza yote: Doha, kibanda, Kenyenya. Nilimwambia kwamba sikuwahi kuulizwa kuhusu yeye, kwamba sikukataa na sikukubali.

Alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake haikuacha kuchambua. Ndipo akauliza, "Na mke wa Anyona amechoka nami?"

Niliishika mboga tena nikaendelea kuchambua.

"Nilikuwa nikifua nguo zangu mwenyewe," alisema.

Geoffrey aliporudi, mama yake alikuwa amefunga begi. Alimwambia, "Kesho utanirudisha Itumbe. Wewe mwenyewe, si Anyona. Na njiani utanieleza kwa nini ulinifanya uongo wa kumwambia mke wako, na yeye ukamfanya uongo wa kuniambia mimi."

Geoffrey alinitazama kama mtu aliyesalitiwa. Ni kweli kabisa, alinitazama hivyo.

Jumamosi, 17 Mei

Sabato. Geoffrey alimrudisha Mama Itumbe jana. Sikwenda kanisani.

Jumapili, 25 Mei

Tiketi imetoka. Ataondoka Alhamisi.

Asubuhi kulikuwa kumetakata, anga lote bluu kama ambavyo hutokea baada ya mvua ya usiku kucha. Alikuja jikoni amevaa viatu.

"Esnah, twende mara ya mwisho."

Nilikuwa karibu kukubali. Nimeliandika hilo ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuwa imara. Jina langu kinywani mwake lilinigusa.

"Nenda," nilimwambia. "Njia unaijua."

Nilisimama uani nikamtazama. Alipita mikaratusi ya kwanza, akapita ya pili. Nilimwona akitokea kwenye uwazi wa shamba la chai, akapotea, akatokea juu zaidi, shati lake jeupe likipanda kwa mwendo mmoja bila kulegea. Mwezi wa tatu mtu huyu alikuwa anashika miti ili asianguke. Mimi ndiye niliyemfundisha jinsi ya kuweka mguu upande kwenye utelezi, jinsi ya kuvuta pumzi kabla ya ile kona kali. Nilimtengeneza vizuri sana. Alifika juu akasimama, mdogo kama punje, na nadhani alipunga mkono. Niliingia ndani.

Alhamisi, 29 Mei

Ameondoka. Alisafiri na vile viatu vya kahawia miguuni kwa sababu havikuingia kwenye sanduku.

Langoni aliniuliza, "Utaendelea kupanda?"

Nikamwambia, "Nenda salama." Andrew akawasha gari.

Jumapili, 1 Juni

Nimelala hadi saa nne.

Alhamisi, 5 Juni

Sheila aliniletea mapera. Tuliketi kwenye ngazi tukayala bila kusema mengi. Bado sijui kama tumesameheana, lakini mapera tumeyamaliza.

Jumapili, 8 Juni

Niliamka gizani na nikajua nitakwenda. Sikuamua. Nilijikuta nafunga leso kichwani, nimeweka viazi viwili na chupa ya chai kwenye mfuko.

Nilitarajia kuumia. Nilidhani kila kona ingekuwa na sauti yake, na kona kadhaa zilikuwa nayo. Nilipopita karibu na kibanda sikukitazama. Lakini baada ya hapo njia inakuwa kali, na mtu hawezi kupanda mahali pale akiwa na hasira. Pumzi hazitoshi vitu viwili. Nilipanda. Nyasi zilikuwa zimelowa hadi magotini. Korongo wawili waliruka kutoka kwenye matete wakilia. Magoti yangu hayakusema chochote. Nilifika juu bila kusimama, na moyo wangu ulikuwa unapiga taratibu, vizuri, kama moyo wa mtu anayependwa.

Hilo ndilo lililonikasirisha. Niliketi kwenye jiwe nikalia kwa hasira, kwa sababu mwili wangu umepona kwa uongo wa mtu mwingine, na hauoni aibu. Nilimpa mume wangu njia za mama yangu akazitumia kuondokea. Niliiacha shule ya Kenyenya. Na bado asubuhi ile ilikuwa nzuri, ziwa lilionekana hadi vilima vya ng'ambo, na viazi vilikuwa vitamu kwa chumvi nyingi niliyoitia.

Nilipomaliza kulia sikurudi. Niliteremkia upande wa pili, kisha nikashika kijia ambacho sikuwahi kukipita hata nikiwa msichana, kinachofuata kijito kuelekea chini. Kilinipeleka kwenye maporomoko madogo ambayo sikujua yapo. Hakuna aliyewahi kuniambia. Niliingiza miguu majini nikakaa mpaka jua likawa la utosi.

Geoffrey alipiga simu jioni. Sauti ilikuwa inakatika. Alisema joto la kule linauma ngozi, chumba wanalala watu sita, chakula si kibaya. Alisema hakuna mahali pa kutembea, kote ni tambarare, ni mchanga na barabara. Kisha akauliza:

"Esnah. Ulipanda leo?"

Nilikuwa nimeketi kitandani, miguu yangu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, matope mekundu yakiachia polepole. Maporomoko yalikuwa bado masikioni mwangu. Ningeweza kumsimulia, maana hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeelewa vizuri kama yeye.

"Hapana," nilimwambia. "Mvua ilikuwa nyingi."